Mzigo wa Kutoka Malaba

Nakhumicha alikuwa akipiga pasi mashati ya Macharia, mwajiri wake, aliposikia mjukuu wake akiulizwa, kule sebuleni, Santa atamletea nini mwaka huu. Akaisimamisha pasi, akatega sikio.

Shule zilikuwa zimefungwa, na kule Kinoo walikokaa hakukuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Basi kila asubuhi Awuor aliandamana na nyanya yake kazini Kileleshwa, akavua viatu mlangoni kama alivyoagizwa, akakaa kwenye kigoda cha jikoni na kitabu chake mpaka watoto wa nyumba wamwite. Siku hiyo Janice alikuwa amemwita akaone mti wa Krismasi. Ulikuwa wa plastiki, lakini una taa, na taa zile zilikuwa zikibadilisha rangi.

"Sisi hatuna Santa," Awuor akajibu. "Mimi mama yangu hutuma mzigo. Inakuja na basi kutoka Malaba, mimi na kukhu, nyanya yangu, tunaenda kuichukua River Road."

"Kumbe mama yako ni kama Santa," Janice akasema. Alikuwa mdogo kwa Awuor, bado na pengo la meno ya mbele.

"Si kama Santa. Mama yangu ni mtu."

"Kwani Santa si mtu?"

"Umewahi kumuona?"

"Na wewe umewahi kumuona mama yako?"

Nakhumicha alishika meza ya pasi. Kule sebuleni katuni za runinga ziliendelea kupiga kelele.

"Nilimuona," Awuor akasema. "Lakini nilikuwa mdogo."

Ukweli wa jambo lile ulijulikana na watu wawili tu, Nakhumicha mwenyewe na karani mmoja wa River Road. Veronicah, binti yake Nakhumicha na mama wa Awuor, hakuwa amewahi kutuma kitu. Alikwenda Malaba kutafuta biashara Awuor akianza kutambaa, akapiga simu siku za mwanzo, kisha akanyamaza, na laini yake ikawa ile ya kuambiwa mteja hapatikani. Krismasi moja mtoto aliuliza kama mama amemkumbuka. Nakhumicha alikuwa amemnunulia gauni sokoni Kangemi, na gauni lenyewe lilikuwa mkononi. Akajikuta amesema, "Si hili hapa ametuma." Lilikuwa neno jepesi, lilitoka bila kusukumwa. Lakini mwaka uliofuata mtoto alikuwa amekua, akataka kujua mzigo ukitumwa huja na nani na hufikia wapi, na hapo ndipo Nakhumicha alipolazimika kuutafutia uongo wake barabara ya kupita.

*

Mama wa nyumba, Wangui, aliingia jikoni amekumbatia boksi kubwa, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Shosho, nifichie hii kwa kale kachumba ka nyuma. Weka nyuma ya mandoo. Ni nyumba ya wanasesere ya Janice."

"Kubwa hivi?"

"Si ndiyo alimwambia Santa anataka. Sasa nitafanya nini?" Wangui alicheka, akafuta jasho. Kisha akapunguza sauti. "Huyu Jeremy alijua mwaka jana. Nilimwambia, sasa wewe ni mkubwa, uko upande wetu, usimharibie mtoto. Lakini Janice akijua itaniuma, shosho. Sijui ni kwa nini. Ni kitu ya uongo na mimi ndiye nanunua. Lakini hiyo asubuhi vile anakimbia akitoka chumbani, siwezi kukuelezea."

"Naelewa, mama Jeremy," Nakhumicha akasema, na alielewa kuliko alivyoweza kusema.

"Na huyu wako? Asije akamwambia. Unajua watoto wenu hujua mambo mapema."

Nakhumicha alilichukua boksi. "Hatamwambia."

"Ongea na yeye tu. Na ukimaliza nguo, kuna zile kadi zetu ziko kwa mchapishaji River Road. Ungenichukulia leo. Awuor akae na hawa, hakuna shida."

Hilo la River Road Nakhumicha alikuwa amelingoja tangu Jumatatu. Gauni lilikuwa ndani ya mkoba wake, limekunjwa chini ya leso, pamoja na kifurushi cha simsim. Mwaka huu aliongeza simsim kwa sababu Malaba ni mpakani na simsim nyingi hupitia huko, akaona mtoto atasadiki zaidi.

Alipokuwa akiliegemeza boksi nyuma ya mandoo, alisikia sauti upande wa kamba za nguo. Ni Jeremy, mvulana ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka, akiongea na Awuor.

"Ni wazazi. Wote. Hakuna mtu anakuja usiku. Mimi nilijua kwa sababu zawadi yangu ilinukia marashi ya mum."

"Ukamwambia?"

"Nani, mum? Nimwambie ili nikose? Afadhali nikae mjinga. Pia angelia."

"Angelia kwa nini na ni yeye ananunua?"

Jeremy alifikiria. "Hata sijui. Wazazi wanapendanga sana hiyo kitu. Ni kama ni yao."

Nakhumicha alingoja asikie mjukuu wake atasema nini. Awuor alianua soksi moja iliyokauka, akatafuta mwenzake.

*

Ofisi ya mizigo ilikuwa dirisha moja lenye vyuma, kati ya duka la mabomba na mlango wa gesti ya bei rahisi. Desemba hiyo foleni ilikuwa imetoka mpaka barabarani. Watu walikuwa wakituma nyumbani kila kitu, magodoro, masufuria, redio iliyofungwa kwa blanketi. Nakhumicha alipita kando mpaka mlango wa nyuma. Jackton, mwanamume mnene wa Busia mwenye kalamu ya wino mzito nyuma ya sikio, alimwona akatabasamu.

"Mama, ile kazi yetu?"

"Ile ile, Jackton."

"Mwaka huu Veronicah ametuma nini?"

"Gauni. Na simsim."

"Amejaribu." Jackton alitwaa kipande cha gunia, akafunga vile vitu kwa kamba ya mkonge, fundo juu ya fundo. Akaandika kwa herufi kubwa, KWA AWUOR, KINOO, na chini yake, KUTOKA KWA VERONICAH, MALABA. Kisha akaushusha mzigo chini, akaukokota sakafuni kwa mguu huku na huku mpaka ukashika vumbi. "Lazima ionekane imesafiri," akasema. "Haiwezi kutoka Malaba ikiwa safi kuliko mimi."

Nakhumicha alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Huyu mtoto akikua atatushtaki sisi wawili," Jackton akasema.

"Akikua atanishukuru."

"Mlete kesho. Nitamwita kwa jina, vile anapenda."

Nyuma yao kijana mmoja mgeni, visikizi masikioni, alikuwa akipanga magunia. Aliwatazama kidogo, akaendelea na kazi yake. Nakhumicha hakumtilia maanani. Alichukua kadi za akina Macharia kwa mchapishaji, akarudi Kileleshwa moyo mweupe.

*

Siku iliyofuata Wangui alimpa ruhusa. Awuor alivaa gauni la mwaka jana, ambalo Nakhumicha alikuwa ameteremsha pindo lake, na ule mstari wa pindo la zamani ulionekana kote kote kama uzi wa kupimia. Walipanga foleni kama watu wote. Mbele yao alikuwa mwanamume amebeba godoro kichwani. Kila foleni ikisogea aliinama, akainuka, godoro likawapepea usoni.

Nakhumicha alinyoosha shingo. Dirishani hakukuwa na Jackton. Alikuwa yule kijana wa jana.

"Jackton yuko wapi?" akauliza zamu yao ilipofika.

"Ametumwa aende na basi ya Busia, mathee. Msimamizi wa mizigo aligonjeka. Mimi naitwa Lenox, nisaidie na jina."

Nakhumicha angeweza kusema watarudi siku nyingine. Lakini Awuor alikuwa tayari ameshika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili.

"Awuor," mtoto akasema. "Kutoka Malaba."

Lenox aligeuka, akapekuapekua rafu, akautoa mzigo. Akaugeuza upande huu na ule, akatafuta kitu kwenye simu yake ya kazi. "Hii haiko kwa orodha ya Malaba. Haina hata namba ya kuingia." Akainua macho, akamtazama Nakhumicha vizuri. "Lakini mathee, si ni wewe uliileta hapa jana? Na Jackton. Niliwaona mkiifunga."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayetaka kazi yake iende sawa. Mwanamume wa godoro alikuwa pembeni akifunga kamba. Akasikia, akacheka.

"Mathee amejitumia Krismasi," akawaambia walio nyuma. "Sasa anasaini mwenyewe."

Wachache walicheka naye. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kama foleni itasogea ama watu walale hapo. Nakhumicha aliangalia mikono yake, iliyokunjamana kwa sabuni za nyumba za watu, ikiwa juu ya ile mbao ya dirisha kama vitu vilivyosahauliwa na mteja mwingine.

"Hapana," Awuor akasema. "Umechanganya. Huyo wa jana alikuwa mtu mwingine anafanana na kukhu."

Lenox akamtazama.

"Soma tu," mtoto akamwambia. "Imeandikwa Malaba. Jackton husoma kwa sauti ndiyo anapeana."

Kijana yule alitoa kisikizi kimoja sikioni. Alimtazama mtoto, akamtazama bibi, na kitu kikamwingia taratibu. Akakohoa. "Kwa Awuor, Kinoo," akasoma. "Kutoka kwa Veronicah, Malaba." Akaupitisha mzigo chini ya vyuma. "Pole, mathee. Nimeona watu wengi tangu jana."

*

Walikaa kwenye ngazi za duka moja la vyuma lililokuwa limefungwa. Mikokoteni ilipita karibu na vidole vyao vya miguu. Awuor aliuweka mzigo mapajani, hakuufungua.

"Tangu lini?" Nakhumicha akauliza.

"Mwaka jana."

"Jeremy alikuambia?"

"Jeremy aliniambia jana tu. Mimi nilijua mwaka jana. Hii gauni nimevaa, nikifungua ilinuka ile dawa yako ya magoti." Alivuta pumzi. "Na hiyo simsim ni ya Kangemi. Yule mama amefunga na karatasi yake ya kijani, inaonekana hapa kwa shimo."

Nakhumicha alitaka kucheka, ikamtoka sauti nyingine. "Na mbona ukanyamaza? Mwaka mzima, Awuor."

"Ulikuwa unapenda kuja huku."

"Mimi?"

"Eeh. Jackton akisoma jina ya mama, unacheka hivi, na macho. Nyumbani huchekangi hivyo." Mtoto alikuwa akifuata fundo la kamba kwa kidole. "Nikasema wacha tu tukuwe tunakuja."

Nakhumicha aligeuza uso upande wa barabara. Hakuwa amewahi kujitazama. Alidhani amesimama pale dirishani kila mwaka kwa ajili ya mtoto, kumbe mtoto alikuwa amesimama kwa ajili yake. Ilikuwa kweli. Kinoo alikuwa nyanya wa Awuor, Kileleshwa alikuwa shosho wa kila mtu, na hapakuwa na mahali popote Nairobi ambapo mtu alilitamka jina la binti yake kwa sauti ila hapo, mara moja kwa mwaka, kupitia vyuma. Na kila lilipotamkwa, hata akijua kamba imefungwa jana na nani, kuna sehemu ndani yake ilikuwa ikiitika.

"Kukhu."

"Naam."

"Alituma hata moja?"

"Hapana, mwanangu."

"Hata ile ya kwanza?"

"Hata ile."

Awuor aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei aliyokuwa ameshaikisia. "Amekufa?"

"Sijui. Hilo ndilo sikutaka kukuambia. Si kwamba hatumi. Ni kwamba sijui. Ningejua amekataa ningekuambia amekataa. Ningejua amelala kaburini tungeenda tukamlilie. Lakini nikipiga simu naambiwa hapatikani, na hapatikani si jibu. Sasa mtoto akiniuliza, nitampa nini? Nikakupa gauni."

Mwanamume wa mkokoteni aliwapigia mluzi wavute miguu. Waliivuta. Awuor akaanza kufungua mafundo ya Jackton, moja baada ya jingine, kwa subira. Lilikuwa gauni la samawati, kola nyeupe. Alisimama, akalipima juu ya lile alilovaa, likamfika chini ya goti.

"Ni nzuri," akasema.

"Umeipenda?"

"Sana." Alibaki amelishikilia mwilini, watu wakimpita. "Mama hajui nimefika hapa," akasema, akionyesha goti.

"Hajui."

"Akiona hii atajua."

Nakhumicha hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikataa. "La. Hiyo ni yako. Nimeitafuta tangu mwezi wa kumi. Utavaa nini kanisani?"

"Hii."

"Hiyo ina mstari wa pindo, watoto watakucheka."

"Watacheka halafu wanyamaze." Alikuwa ameshaanza kulikunja. "Yeye ndiye hana mtu anamtumia, kukhu. Sisi tunatumiwa kila mwaka."

Nakhumicha angeweza kumwambia kwamba hakuna anayejua kama huko Malaba bado kuna mtu wa jina hilo. Mtoto alijua. Alikuwa ameambiwa sasa hivi, na mikono yake ilikuwa ikiendelea kukunja.

Walitoa simsim kidogo, wakala. Iliyobaki wakairudisha ndani.

*

Lenox aliwaona wakirudi, akaogopa kidogo. "Kuna shida, mathee?"

"Tunataka kutuma," Awuor akasema.

Kijana aligeuza kile kipande cha gunia upande wa ndani, akachukua kalamu ya Jackton. Kutoka kwa nani? Awuor, Kinoo. Kwenda kwa nani? Veronicah, Malaba. Namba ya simu ya mpokeaji? Nakhumicha aliitaja kutoka kichwani, pole pole, tarakimu kwa tarakimu. Lenox akaibonyeza kwenye simu yake ya kazi, akasubiri, akakunja uso.

"Hii haiko hewani."

"Iandike tu," Nakhumicha akasema.

"Ujumbe hautamfikia mpaka awashe. Utakuwa unangoja tu huko."

"Basi ungoje."

Alilipa kwa ile noti aliyokuwa ameikunja pembeni ya leso, ya kuku wa Krismasi. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu vile vile.

"Kama hatakuja kuchukua?" Awuor akauliza.

"Wanaiweka huko mpaka Pasaka, kisha inarudishwa hapa na basi. Nitawapigia," Lenox akajibu.

Awuor aliweka kidevu juu ya mbao ya dirisha, akaufuata mzigo kwa macho mpaka ulipowekwa juu ya godoro la yule mwanamume aliyecheka, katika rundo la kwenda magharibi. Alikuwa akiwaza jambo, midomo ikimcheza.

"Isiporudi, ameipata," akasema.

"Eeh."

"Na ikirudi, itakuwa imetoka Malaba kweli."

Nakhumicha alimshika bega. "Na utaivaa?"

Mtoto alijipima kwa macho, kuanzia kwenye ule mstari wa pindo kwenda chini mpaka kwenye viatu.

"Kama bado itanitosha," akasema.